Atomu Moja ya Chuma kwa Elfu Thelathini: Hesabu ya Mwanga Unaonaswa Ndani ya Jua

Ukianza safari katikati ya Jua na kwenda nje, ukifika kama asilimia 71 ya njia unakuta mpaka. Chini ya mpaka huo nishati husafirishwa na mwanga. Juu yake husafirishwa na gesi yenyewe, inayopanda ikiwa moto na kushuka ikishapoa. Hapo mpakani joto ni takriban kelvini milioni 2.2, na kila sentimita ya ujazo ina gramu 0.2 hivi za maada. Fotoni iliyoko hapo, yaani fungu moja la mwanga, haifiki mbali. Inapita milimita chache tu, inanaswa, kisha nyingine inatolewa mahali pake na kuelekea upande wowote ule.

Ni nini kinachoinasa? Jibu la haraka ni hidrojeni na heli, kwa kuwa hizo mbili ndizo asilimia 98 na ushei ya uzito wa Jua. Jibu hilo halisimami. Katika joto hilo hidrojeni na heli zimeshavuliwa elektroni zao, na kiini kitupu hakina cha kuupokea mwanga. Elektroni huru nayo, ikiwa peke yake, haiwezi kuimeza fotoni, kwani haiwezekani kutunza nishati na momenta kwa pamoja. Inachoweza ni kuitawanya, yaani kuibadilishia njia. Kama kungekuwa na mtawanyo huo tu, fotoni ingepita kama sentimita 15 kabla ya kuguswa. Kupita karibu na viini huisaidia elektroni huru kumeza kidogo, lakini bado pengo ni kubwa. Kinachofupisha safari kutoka sentimita hadi milimita ni atomu nzito ambazo bado zimeshikilia baadhi ya elektroni: oksijeni, neoni na, zaidi ya zote kwa kushangaza, chuma.

Kwa kila atomu 30,000 hivi za hidrojeni katika Jua kuna moja tu ya chuma. Hiyo moja, katika hesabu zinazotumika leo, huchangia karibu robo ya uzuiaji wote wa mwanga pale mpakani. Ndiyo maana watu wametumia maisha yao yote ya utafiti wakikokotoa jinsi ioni za chuma, yaani atomu zake zilizokwisha kupoteza elektroni kadhaa, zinavyofyonza mwanga na kupoteza elektroni. Kosa dogo kwenye chuma huhamisha mpaka wenyewe ndani ya Jua, na mpaka ukihama, mitikisiko ya uso wa Jua inayopimwa kwa darubini hailingani tena na hesabu.

Tangu mapema niseme ninachokiona kuwa moyo wa jambo hili, maana bila hicho mengine yote yanabaki kuwa orodha ya majina. Mwanga hupita pale atomu inaposhindwa kuunasa. Kwa hiyo mianya iliyo katikati ya mistari ya ufyonzaji, yaani mawimbi mahususi ambayo atomu huyanasa kwa nguvu, ina uzito kuliko mistari yenyewe, na kukokotoa mwanya ni kazi ngumu kuliko kukokotoa kilele.

Fotoni moja, elektroni moja

Tuanze na hidrojeni, iliyo rahisi kuliko zote. Einstein alieleza mwaka 1905 kwamba mwanga hutoa nishati yake kwa mafungu. Elektroni ya hidrojeni iliyo katika ngazi ya chini kabisa imefungwa kwa elektronivolti 13.6 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati kinachofaa kwa atomu). Fungu lenye nishati pungufu ya hiyo haliwezi kuing'oa, hata yaje mafungu mengi kiasi gani moja baada ya jingine. Fungu lenye elektronivolti 20 linaing'oa, na elektroni inaondoka na chenji ya elektronivolti 6.4 kama nishati ya mwendo. Kizingiti cha 13.6 ni sawa na mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanometa 91.2, mbali ndani ya urujuanimno.

Kujua kwamba fotoni inaweza kuing'oa elektroni hakutoshi. Tunataka kujua uwezekano wake, na wanafizikia hueleza uwezekano huo kama eneo: atomu ina shabaha kubwa kiasi gani machoni pa fotoni? Nitaliita eneo la kunasa. Kwa hidrojeni, pale kizingitini, ni sentimita mraba 6.3 × 10⁻¹⁸. Kuanzia hapo, kadiri fotoni inavyozidi nguvu ndivyo eneo linavyopungua, takriban kwa mchemraba wa nishati. Fotoni yenye nishati maradufu ina nafasi ndogo mara nane hivi ya kunaswa.

Wengi hutarajia kinyume chake: fotoni yenye nguvu zaidi si ndiyo ingeng'oa kwa urahisi zaidi? Sababu imo kwenye mawimbi. Kabla ya tukio, wimbi la elektroni iliyofungwa ni laini, limetanda karibu na kiini bila mikunjo. Baada ya tukio, elektroni huru ina wimbi linalopanda na kushuka, na kadiri inavyokimbia ndivyo mikunjo inavyokaribiana. Ukokotoaji unahitaji kuyazidisha mawimbi hayo mawili, kila nukta kwa nukta yake, pamoja na nguvu ya uwanja wa mwanga, kisha kujumlisha. Wimbi laini likizidishwa kwa wimbi lenye mikunjo mingi, vilele na mabonde hufutana, na jumla inakaribia sifuri. Fotoni kali huzaa elektroni yenye mikunjo ya karibu mno, na ndiyo maana hupita bila kunaswa.

Kwa hidrojeni yote haya yana fomyula kamili. Schrödinger alitoa mlinganyo wake mwaka 1926, na tangu hapo eneo la kunasa la hidrojeni linaweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Hendrik Kramers alikuwa ameshapata makadirio mazuri tangu mwaka 1923. Kwa miongo kadhaa hesabu nyingi za nyota zilichukua umbo hilo la hidrojeni na kulinyoosha lifae kwa atomu nyingine. Yaani atomu ya chuma ilidhaniwa kufanya kama hidrojeni yenye kiini kizito. Ni dhana inayoeleweka kwa zama zile, na ndiyo iliyozaa matatizo yote yaliyofuata.

Elektroni zinapoingiliana

Weka elektroni mbili na fomyula kamili inapotea. Katika heli kila elektroni inaisukuma mwenzake, na hakuna aliyewahi kuandika jibu kamili la mlinganyo huo kwa alama za kawaida za hesabu. Tunaweza kulikaribia kadiri tutakavyo kwa kompyuta, ila kila hatua ina gharama.

Gharama hiyo inalipa kitu gani? Mfano bora ni huu. Heli inahitaji elektronivolti 24.6 ili kupoteza elektroni yake ya kwanza. Tungetarajia kwamba juu ya hapo eneo la kunasa litashuka polepole, kama la hidrojeni. Mwaka 1963 Robert Madden na Keith Codling, wakitumia mwanga wa sinkrotroni, mashine inayozungusha elektroni kwa kasi kubwa, nchini Marekani, waliona karibu na elektronivolti 60.1 kitu kingine kabisa. Ufyonzaji unapanda ghafla, na juu kidogo ya hapo unashuka hadi karibu na sifuri, kisha unarudi mahali pake.

Kinachotokea ni kwamba fotoni ya elektronivolti 60.1 inaweza kuzipandisha elektroni zote mbili kwa mpigo. Atomu sasa ina nishati nyingi mno, zaidi ya kizingiti, lakini kwa kitambo hakuna elektroni iliyoondoka. Hali hiyo, iitwayo resonansi, hudumu kwa takriban femtosekunde 17, na femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde. Halafu elektroni moja inarudi chini, inampa mwenzake nishati, na huyo anatoka na elektronivolti 35.5. Mwisho wa njia hii hautofautiani na ule wa njia ya kawaida: heli imepoteza elektroni moja, na elektroni hiyo ina kasi ileile. Katika nadharia ya kwanta, njia mbili zenye mwisho mmoja haziongezwi kama hesabu za kawaida. Mawimbi yake huongezwa, na mawimbi yanaweza kusaidiana au kufutana. Upande mmoja wa resonansi yanasaidiana, upande wa pili yanafutana. Ugo Fano aliandika fomyula ya umbo hilo lisilo na ulinganifu mwaka 1961, na mpaka leo kila anayechora mchoro wa namna hii analiita kwa jina lake.

Tazama kilichotokea hapo: muingiliano wa elektroni umechimba mwanya mahali ambapo hesabu ya elektroni moja moja ilionyesha ukuta. Kwingineko unajenga ukuta mahali palipodhaniwa kuwa na mwanya. Na heli ina misururu michache tu ya resonansi. Ioni ya chuma yenye elektroni kumi ina misururu mingi mno, kila msururu ukijikusanya chini ya ngazi fulani ya ioni itakayobaki, na ngazi hizo ni mamia.

Kati ya resonansi hizo zipo ambazo ni pana na zenye nguvu kuliko nyingine, nazo zinastahili kutazamwa kwa karibu. Chukua ioni ya chuma ambayo elektroni yake moja imepanda mbali, ngazi za juu, na nyingine tisa zimebaki karibu na kiini. Fotoni inafika na kumpandisha mmoja wa wale tisa wa ndani. Yule wa nje anatazama tu, hakuguswa. Sehemu ndogo mno ya sekunde baadaye, wa ndani anarudi chini na nishati yake inamtupa nje yule mtazamaji. Hesabu inayomshughulikia mtazamaji peke yake, kama vile yeye ndiye aliyepigwa na fotoni, itatoa eneo dogo mno, kwa sababu elektroni ya mbali hainasi vizuri fotoni kali. Hesabu inayoziacha elektroni zote zizungumze itatoa kilele kipana kinachozidi hilo mara nyingi.

Namna ya kukokotoa

Mbinu iliyofanikiwa zaidi kwa kazi hii ni ya mgawanyo wa nafasi, maarufu kama matriki ya R. Wigner na Eisenbud waliibuni mwaka 1947 kwa ajili ya viini vya atomu. Philip Burke na wenzake wa Belfast waliileta kwenye atomu miaka ya 1970. Wazo lake ni la busara. Chora tufe kuizunguka ioni, kubwa kiasi cha kuzimeza elektroni zote zilizofungwa. Ndani ya tufe fanya kazi yote ngumu: kila elektroni inaisukuma kila nyingine, na hazitambulikani ipi ni ipi. Nje ya tufe kuna elektroni moja tu inayoondoka, inayohisi mvutano wa mbali usio na utata. Halafu unaunganisha majibu hayo mawili pale kwenye uso wa tufe.

Uzuri wake ni kwamba kazi nzito ya ndani hufanywa mara moja tu. Baada ya hapo unaweza kuuliza eneo la kunasa kwa nishati moja, au elfu kumi, au laki moja, na kila swali linajibiwa kwa bei nafuu. Bila hivyo isingewezekana, maana resonansi ni nyembamba na zimesongamana. Ukiruka kwa hatua kubwa za nishati unazipita bila kuziona.

Wakokotozi wana njia za kujikagua ambazo mimi huzipenda sana. Ya kwanza: nguvu ya mwanga juu ya elektroni inaweza kuandikwa kwa mahali elektroni ilipo, au kwa kasi yake. Mawimbi yakiwa sahihi kabisa, njia mbili hizo hutoa jibu moja. Yakiwa na kasoro, majibu yanaachana. Kwa hiyo unakokotoa kwa njia zote mbili na kuzilinganisha, na tofauti inakuambia mawimbi yako yana ubora gani kabla hujamwona mtu wa maabara.

Ya pili ni kanuni ya jumla iliyotolewa mwaka 1925 na Thomas, Reiche na Kuhn. Ukijumlisha nguvu yote ya ufyonzaji ya atomu, katika mawimbi yote, mistari na mng'oo pamoja, lazima upate idadi ya elektroni zake. Atomu ya elektroni kumi ina bajeti ya kumi. Ukiongeza ufyonzaji mahali, lazima uupunguze mahali pengine. Kanuni hii fupi itarudi hapa chini, na itauma.

Wastani unaosikiliza mianya

Tuseme sasa tuna maeneo yote ya kunasa, ya kila ioni, kwa kila nishati. Mfano wa nyota hauwezi kubeba mamilioni ya mistari katika kila tabaka. Unahitaji namba moja kwa kila joto na msongamano. Svein Rosseland, mwanaastronomia wa Norwei, alionyesha mwaka 1924 wastani unaofaa, na si ule wa kujumlisha na kugawanya.

Mfano mdogo unatosha. Gawa mawimbi yote katika nusu mbili. Katika nusu ya kwanza uzuiaji ni 1, katika ya pili ni 100. Wastani wa kawaida ni 50.5. Wastani wa Rosseland unachukua kinyume cha kila kimoja, unakokotoa wastani wa vinyume hivyo, kisha unageuza tena: jibu ni 1.98. Sasa fanya kilele kiwe kikali mara mia, kutoka 100 hadi 10,000. Jibu linapanda hadi 2.00 tu. Rudisha kilele kwenye 100, lakini ujaze mwanya kidogo, kutoka 1 hadi 3. Jibu linaruka hadi 5.83. Pipa lenye tundu huishiwa maji kwa kasi ya tundu lile, kuta zake ziwe nene namna gani.

Mawimbi hayana uzito sawa katika wastani huu. Uzito mkubwa unaangukia kwenye fotoni zenye nishati kama mara 3.8 ya ile ya joto la mahali. Pale mpakani mwa Jua hiyo ni takriban elektronivolti 730, na jirani za hapo ndipo ioni za chuma zina msitu wao wa mistari.

Mwaka 1982 Norman Simon alitoa ombi la wazi kwamba uzuiaji wa mwanga wa elementi nzito ukokotolewe upya, kwa sababu mapigo ya nyota za sefeidi, zinazovimba na kusinyaa kwa mdundo, hayakulingana na mifano. Alikisia kwamba namba za wakati huo zilikuwa ndogo mno, mara mbili au tatu. Timu mbili ziliitika kwa njia tofauti. Moja ilikuwa ya Forrest Rogers na Carlos Iglesias huko Livermore, California. Nyingine ilikuwa ya kimataifa, ikiongozwa na Michael Seaton wa Chuo Kikuu cha London, na ilitumia matriki ya R. Mapema miaka ya 1990 zote mbili zilikuta Simon yuko sahihi. Hesabu za zamani zilikuwa zimeacha mistari mingi ya chuma inayotokea elektroni inapohama ndani ya ganda lilelile, kwa hatua ndogo za nishati. Mmoja mmoja ni mistari midogo. Kwa wingi wake ilijaza mwanya uliokuwa wazi, karibu na kelvini laki mbili hadi tatu, na mapigo ya sefeidi yakakaa sawa.

Atomu iliyosongwa na majirani

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba ioni iko peke yake. Katika plazma, yaani gesi ya ioni na elektroni huru kama ile ya ndani ya Jua, haiko. Kabla ya yote lazima tujue ni ioni zipi zipo na kwa uwiano gani. Meghnad Saha, mwanafizikia wa Kihindi, alitoa mlinganyo wa msingi mwaka 1920: joto huvua elektroni, msongamano huzirudisha. Cecilia Payne aliutumia mwaka 1925 kuonyesha kwamba nyota ni hidrojeni kwa sehemu kubwa mno, jambo ambalo wakubwa wa fani walikataa kuliamini kwa muda. Kwa chuma pale mpakani mwa Jua, uwiano unaangukia kwa ioni zilizobakiwa na elektroni nane, tisa au kumi kati ya 26.

Mlinganyo wa Saha unahitaji orodha ya ngazi za kila ioni, na hapo plazma inaleta utata. Ngazi za juu zina elektroni zinazotembea mbali na kiini, na mbali huko kuna ioni nyingine na elektroni za jirani. Wakati fulani "mbali na kiini hiki" inakuwa "karibu na kile". Ngazi hiyo haipo tena, na nishati ya kung'oa elektroni inapungua. Inapungua kwa kiasi gani? Fomyula mbili zimeshindana kwa miongo: ya Ecker na Kröll ya mwaka 1963, na ya Stewart na Pyatt ya mwaka 1966. Mwaka 2012 majaribio juu ya alumini, kwa leza ya eksirei iliyoko Stanford, yaliegemea upande wa ile ya kwanza ikiwa imerekebishwa. Mwaka uliofuata leza ya Orion ya Uingereza, juu ya alumini hiyohiyo lakini katika hali tofauti, iliegemea ya pili. Kwa maoni yangu matokeo hayo mawili yanaonyesha kwamba fomyula rahisi ya aina hii haiwezi kufaa kila mahali. Majirani wa ioni hawakai kama wastani.

Kisha kuna kupanuka kwa mistari. Elektroni zinazopita na ioni zinazosogea huvuruga ngazi, na mstari uliokuwa mwembamba unatanda. Jumla ya nguvu yake haibadiliki, kilele kinashuka na mabawa yanapanuka. Ukikumbuka wastani wa Rosseland, utaona mara moja kwa nini hili ni kubwa: kilele kushuka hakuna anayejali, lakini mabawa yanaingia kwenye mianya. Resonansi nazo hupanuka vivyo hivyo, na ule mwanya wa Fano unaokaribia sifuri unafukiwa. Hesabu nyingi za matriki ya R zilifanywa kwa ioni iliyo peke yake, na upanukaji wa resonansi ukaongezwa baadaye au ukaachwa kabisa. Kuuingiza ipasavyo ni kazi inayoendelea hivi sasa.

Pale namba zinapogongana

Miaka ya mwanzo ya 2000, Martin Asplund na wenzake walichambua upya mwanga wa uso wa Jua kwa mifano ya gesi yenye pande tatu, wakakuta oksijeni na elementi nyingine nzito ni pungufu kuliko ilivyodhaniwa. Elementi nzito zikipungua, uzuiaji wa mwanga unapungua, na mpaka tuliouanzia unahamia mahali pasipolingana na mitikisiko ya Jua. Njia moja ya kuokoa mambo ni kuongeza uzuiaji kwa asilimia 15 hivi. Je, inawezekana hesabu za chuma zimekosea tena?

James Bailey na wenzake wa maabara ya Sandia, huko New Mexico, waliamua kupima. Mashine yao, iitwayo Z, hupitisha mkondo mkubwa wa umeme kwenye nyaya nyembamba za tungsteni na kuzaa mlipuko wa eksirei. Walipasha sampuli ndogo ya chuma hadi kelvini milioni 1.9 hadi 2.3, karibu kabisa na hali ya mpakani. Matokeo yao ya mwaka 2015 yaliishtua fani. Uzuiaji uliopimwa ulizidi hesabu kwa asilimia 30 hadi 400, ikitegemea urefu wa wimbi. Mianya ilikuwa imejaa, mistari ilikuwa mipana kuliko hesabu, na kwenye mawimbi mafupi kulikuwa na ziada kubwa. Kwa makadirio yao, hilo peke yake lingeziba takriban nusu ya upungufu wa uzuiaji ndani ya Jua.

Wakokotozi walirudi kazini. Sultana Nahar na Anil Pradhan wa Chuo Kikuu cha Ohio State walichapisha mwaka 2016 hesabu mpya za matriki ya R kwa chuma chenye elektroni kumi, zikiwa na ngazi nyingi zaidi za ioni inayobaki. Zile resonansi za mtazamaji zilijitokeza kwa nguvu na kuinua eneo la kunasa kwa kiasi kikubwa. Wengine walijibu kwamba mifano yao ilikuwa tayari na sehemu kubwa ya mchango huo, ukiwa umehesabiwa kama mistari badala ya resonansi, na kuuongeza tena ni kuuhesabu mara mbili. Mwaka 2019 kundi la Sandia lilirudia vipimo kwa kromiamu na nikeli, elementi zilizo karibu na chuma, moja kila upande. Mistari ilikuwa mipana kuliko hesabu kwa hizo pia. Lakini ile ziada kubwa ya mawimbi mafupi ilibaki kwa chuma peke yake.

Hapo ndipo kanuni ya jumla inapouma. Mistari kuwa mipana haivunji bajeti, kwa kuwa nguvu imetandazwa tu. Ziada ya mawimbi mafupi ni jambo jingine. Ikiwa chuma kinafyonza kiasi hicho zaidi pale, nguvu hiyo lazima itolewe mahali pengine katika spektra, yaani kwenye mawimbi mengine, na mpaka sasa hakuna hesabu iliyoonyesha kwa uhakika inatolewa wapi. Kwa sababu hiyo nayaweka matokeo ya Sandia katika mafungu mawili. Mianya iliyojaa na mistari mipana ninaiamini, kwa sababu upana wa mistari unaonekana katika elementi zote tatu na nadharia ya upanukaji ina nafasi ya kurekebishwa. Ziada ya mawimbi mafupi, inayoonekana kwa chuma tu, ninaiweka kando.

Upande wa Jua nao haujatulia. Mwaka 2021 kundi la Asplund lilitoa tena namba za chini za elementi nzito. Mwaka 2022 kundi jingine, likiongozwa na Ekaterina Magg, lilichambua upya mwanga huohuo na kupata namba za juu, karibu na zile za zamani, ambazo zinapunguza sana upungufu wenyewe. Ikiwa Magg na wenzake wako sahihi, Jua halidai asilimia 15 nyingine kutoka kwa chuma. Mistari mipana ya Sandia itabaki ikihitaji maelezo hata hivyo, na kuipima kwa namna tofauti kabisa ndiyo kazi iliyochukuliwa na leza kubwa ya Livermore. Leza hiyo hupasha sampuli kwa njia isiyofanana na ya mashine ya Z, na kwa hiyo kosa la kimaabara lililojificha katika mashine moja halitarajiwi kujirudia katika nyingine.